Muhuri wa Namba Kumi na Nne

Profesa Mardochée alivaa tai nyekundu kwa ajili ya webina yake ya usalama wa chakula, akanisumbua asubuhi nzima nimpangie taa ising'arishe kipara chake. Mimi ni fundi wa maabara yake, kwa hiyo nilipanga. Kisha nikakaa nyuma na simu yangu, nikasikiliza pamoja na wageni mia mbili.

Akaonyesha jedwali la unga wa mahindi wa mtaa wa Katuba. Sumu ya kuvu, alisema, haiondoki hata ukipika, na huharibu ini, la mtoto hasa. Majibu alikuwa nayo tangu Februari, na sasa tuko Aprili. Mstari uliotisha kuliko yote ulikuwa namba 14.

Namba 14 niliiandika mimi, nilipochota unga kwa Mama Madeleine, dada ya mama yangu, anayeuza unga na kunilelea binti yangu Princesse nikiwa kazini. Majibu sikuwahi kuonyeshwa.

Nikaandika swali: wenye unga waliambiwa lini?

"Swali zuri sana," profesa akasema, akitabasamu. "Kwanza lazima tuchapishe."

Wageni wakatuma alama za makofi. Ningeweza kumrushia kiti. Nikakimbilia teksi ya Katuba, nikijipa moyo njia nzima: unga wa uji wa Princesse huwa nanunua dukani, napeleka mwenyewe.

Mama Madeleine alikuwa ametundika stakabadhi yangu juu ya ndoo zake za unga, ndani ya plastiki. Ilisema tu kwamba nimechukua nusu kilo ya kupima. Lakini ilikuwa na muhuri wa duara, yaani cachet, na kwetu karatasi yenye muhuri haibishiwi. Muhuri niligonga mimi, kwa madaha.

"Mama, nani alikuambia hii bunga iko muzuri?"

"Si weye! Uliweka cachet. Tangu ile siku bantu banatoka mbali juu ya bunga yangu. Ilibakia tu ndoo moya, ya Princesse."

Princesse alikuwa mkekani, akilamba kijiko.

"Mama, na ile ya duka yenye ninaletaka?"

Akanishangaa kabisa.

"Ile nilipatia kuku, Annie. Haina cachet."