Watu Kumi na Wanane, Siku Sita

Jumatatu asubuhi Elkanah alimpigia mkewe simu kutoka shamba la miwa karibu na Butali. "Mama Hezekiah, safari hii tuko kumi na wanane. Sisi tisa wa mwezi jana tumeongezewa wengine tisa."

Jael alikuwa peke yake Malinya, kama kawaida. Hezekiah, mwana wao wa pekee, alikwenda Mombasa kutafuta kazi, akaipata, akabaki. Simu ilipokatika, Jael alichukua daftari lake la gumbaru, masomo ya watu wazima. Wiki iliyotangulia mwalimu Chrispinus aliwafundisha wanafunzi wake uwiano. Kilo za sukari zikizidi, bei nayo huzidi. Wachimbaji wa kisima wakizidi, siku hupungua.

Mwezi jana watu tisa walikata miwa siku kumi na mbili. Kumi na wanane, basi, siku sita. Jumamosi jioni Elkanah angekuwa nyumbani. Jael aliikagua hesabu mara mbili. Hakukosea kugawa.

Alhamisi Teresa, dada yake Jael wa Lugari, alipiga simu. Jumapili nyumba yake mpya ingeombewa, na ukoo mzima ungekuwepo.

"Gari la mwanangu Sammy litakupitia kesho. Funga nguo."

"Siji. Baba Hezekiah anarudi Jumamosi."

"Amekuambia?"

"Nimepiga hesabu."

Teresa alicheka hadi akakohoa. "Gumbaru imekuharibu! Si umwulize mwenyewe?"

"Simu yake imezimika. Kambini hawana stima."

"Haya, profesa. Kaa na hesabu zako. Sisi tutakula nyama."

Jumamosi Jael alichinja kuku, akasonga obusuma, ugali wa wimbi, akaketi mlangoni. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo njia panda ilimsimamisha. Zote zilipita. Saa moja jioni simu iliita.

"Nimechaji dukani," Elkanah alisema.

"Uko wapi? Chakula kinapoa."

"Chakula gani? Niko kambini. Tunamaliza Jumamosi ijayo."

"Lakini mko kumi na wanane!"

"Ndiyo maana. Nyapara akiona watu wengi, anatoa shamba kubwa. Mwezi jana tulikata ekari tano. Sasa ametupa kumi. Kwani nani alikwambia narudi leo?"

"Hakuna."

Jael alifungua daftari. Chini ya hesabu ya Jumatatu aliandika: watu mara mbili, ekari mara mbili, siku zilezile kumi na mbili. Jibu lilitoka mara moja, bila kufuta. Kisima cha mwalimu kilikuwa kimoja, na kina chake kimoja. Yeye hakuuliza kama shamba ni lile lile.

Alitaka kumpigia Teresa. Aliwaza jinsi simu ingepokelewa katikati ya vicheko, na mtu kupaza sauti, "Ni profesa! Mume amefika?" Akaiweka simu kifudifudi juu ya meza.

Alijipakulia paja moja, akalila kwa tonge mbili za obusuma. Nyama nyingine aliifunika. Iliyobaki ni firigisi, na firigisi ya kuku haikuwa yake kula. Hiyo ni ya mwenye boma. Aliipaka chumvi, akaifunga kwa uzi, akaining'iniza juu ya jiko, pale moshi unapopita. Siku saba ingetunzika, mradi moto usizimike.

Akaongeza kuni.