Mapanki Yaliyopokea Mshtarii

Desemba 1995, Truphosa alikuwa akigeuza mapanki kwenye kichanja nyuma ya nyumba yake, Igogo, kando ya ziwa. Ni mifupa ya sangara, ile inayobaki kiwanda kikishakata minofu ya kupeleka Ulaya. Mifupa ilianza kupiga mluzi mrefu, wa kupanda na kushuka. Alimaliza safu ile, akahamia nyingine.

Baada ya siku chache alikuja mtaalamu wa redio, Chenge, kutoka Dar, na vipokea sauti vya masikioni vikining'inia shingoni. Alieleza kwamba kuna chombo kimefika kwenye ile sayari kubwa, Mshtarii, kusikiliza mawimbi yake ya redio na ya gesi yenye umeme. Antena kubwa ya chombo hicho ilikataa kufunguka njiani. Mapanki ya Igogo yalikuwa yanapokea vizuri zaidi.

"Shikamoo, mama. Usiyaondoe haya."

"Marahaba. Ndiyo chakula chetu hicho, mwanangu."

"Basi kuleni mengine."

Jumamosi wakwe wa binti yake, Akinyi, walikuwa wanakuja kuposa, na mkwe halishwi mfupa. Huwekewa samaki mzima, kichwa kikimtazama; akikosa, anajua amedharauliwa, na posa imekufa. Lakini tangu kiwanda kifunguliwe, sangara wote walikwenda huko. Truphosa alikuwa ameshawaomba meneja wa kiwanda, wavuvi, hata padri. Sasa alimwomba Chenge amtafutie kiwandani samaki mmoja mwenye nyama.

Chenge alikwenda kiwandani siku hiyo hiyo. Nyama iliyobaki mifupani ndiyo iliyokuwa ikikwaruza sauti, kwa hiyo aliomba wakate karibu zaidi na mfupa. Walikubali kwa furaha. Mashavu nayo yakaanza kwenda Ulaya, na Mshtarii akasikika safi kabisa.

Jumamosi Truphosa alimtengea Mzee Otuoma, baba wa kijana aliyekuja kuposa, ugali na panki moja. Panki lilipiga mluzi. Wageni walinawa, wakasikiliza kwa adabu.

"Ndiye Mshtarii huyo tuliyesikia habari zake?" Mzee aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Yuko mbali?"

"Mbali sana."

"Na amefika." Mzee alitazama ziwa, pale chini ya uwanja. "Samaki wa hapo je?"

Truphosa aliona aibu, kisha hata aibu ikamwisha. Mzee alikula ugali mkavu, akashukuru, akamwita mwanawe, wakaondoka.

Akinyi alitoa vyombo. Mama yake alilirudisha panki kichanjani, kwa kuwa Chenge alisema mapanki yasiondolewe.