Mkojo wa Kwanza

Shamsa alikuwa na kinyaa cha kupitiliza. Mtu akitema mate tu mbele yake, chakula hakipiti siku nzima. Na ndiye huyo huyo aliyejaaliwa chumba cha kupanga Kariakoo, nyumba ya wapangaji sita na choo kimoja, mtaro wa maji meusi mlangoni, na uani jirani anakaanga samaki kwa mafuta yaliyochakaa mpaka moshi unauma macho. Leo nesi Blandina, wa utafiti wa mapafu ya watoto, amemshikisha kichupa.

"Mtoto mdogo hawezi kupuliza kile kipimo cha mapafu," Blandina alimweleza. "Ila kuna protini inayotoka kwenye mapafu, inapita kwenye damu, inaishia kwenye mkojo. Mapafu yakiwa na shida, inapungua. Tukiona imepungua, mtoto anapewa nafasi ya kuonwa na daktari bingwa wa kifua. Kwa hiyo kesho uniletee mkojo wa kwanza, mama Salma."

Shamsa akasikia "wa kwanza", akajua ni Salma, kifungua mimba wake wa miaka minne. Ajabu kidogo, maana mwenye kikohozi alikuwa Hamis, wa miaka miwili. Lakini watu wa hospitali wana taratibu zao, pengine wanaanza na mkubwa. Kuuliza kungerefusha mazungumzo ya mkojo, na roho ilikuwa imeshamchafuka.

Kesho yake akamkojolesha Salma huku ameziba pua kwa kanga. Akafunga kichupa, akakitia kwenye mifuko miwili, akakikabidhi kwa ncha za vidole, uso kautazamisha ukutani. Hakuona Blandina akiandika jina la Hamis.

Majibu yalipotoka, Blandina akaja anatabasamu.

"Hongera, mama Salma. Mapafu ya Hamis mazima kabisa. Ile nafasi ya daktari tumempa mtoto mwingine."

Hamis alikuwa mapajani kwa mama yake. Kifua kilikuwa kinalia mluzi na mbavu zinabonyea kila anapovuta pumzi.

"Ya Hamis?" Shamsa akauliza. "Sista, mimi nilikupa wa Salma. Si ulisema wa kwanza?"

Tabasamu la Blandina likafa. "Wa kwanza wa asubuhi. Ule anaoamka nao. Sasa mbona hukuniuliza?"

"Niliona kinyaa."

Alipojisikia akilitamka neno hilo, alijichukia kuliko alivyowahi kuuchukia ule mtaro.

"Nitamwombea nafasi nyingine," Blandina akasema, "lakini siahidi."

Hamis akakohoa, akakohoa tena, mpaka akajikojolea. Shamsa hakumwondoa. Mkojo wa moto ukamlowesha kanga, ukamchuruzika miguuni, naye akamkumbatia vilevile, sikio kaliweka kifuani pake.