Uso wa Kobina Egyir

Bango lilipotundikwa kwenye ukuta wa stesheni ya zamani ya Sekondi, watu walilipita kama wanavyopita mabango yote, mpaka Maame Ekua Egyirba alipotokea akitoka kanisani. Mwalimu huyu mstaafu wa shule ya msingi alisimama, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa tena. Kisha akapiga ukelele uliowatoa wauza kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi, vibandani mwao.

"Baba yangu! Jamani, yule ni baba yangu!"

Araba Bentsil alikuwa bado anakunja ngazi. Yeye ndiye aliyelitundika. Alifundisha historia chuoni, na kwa muda mrefu yeye na wanafunzi wake walikuwa wakikusanya sauti na picha za wazee wa reli na kuzipanga kwenye tovuti yenye ramani ya mji. Ukigusa karakana kwenye simu, unamsikia fundi akisimulia. Ukigusa nyumba za wafanyakazi, unaona waliokaa humo. Picha ya bango ndiyo iliyokuwa tunu yao. Ilipigwa wakati wa mgomo wa mwaka 1961: wanaume wa reli mbele ya tangi la maji, wamekunja mikono kifuani, hawacheki. Ilikaa kwenye sanduku la bati la familia moja mpaka ukungu ukaitafuna. Araba aliiskani, akaipitisha kwenye programu ya akili mnemba inayosafisha picha kuukuu, ikatoka inang'aa kama ya jana.

"Yupi, Maame?" aliuliza.

"Huyo kushoto, aliyeinamisha kichwa. Tazama paji hilo! Ni la marehemu kaka yangu, hajabakiza kitu."

Mji mzima ulijua habari za Kobina Egyir, mchochea makaa wa garimoshi. Mgomo ulipovunjika na watu kuanza kukamatwa, alishika njia ya Abidjan, akisema angerudi mambo yakipoa. Hakurudi, wala barua haikuja. Mkewe, kwa kuogopa polisi, alichoma kila karatasi yenye jina la mumewe, na picha yao ya harusi ikaenda na moto huo. Ekua alikuwa mtoto wa kushikwa mkono. Alikua, akasoma, akafundisha watoto wa watu, akazeeka, na siku zote hizo hakujua baba yake alikuwa na sura gani.

Alimkumbatia Araba pale barabarani. "Umenipa baba nikiwa na mvi, mwanangu. Nikulipe nini?"

Araba naye machozi yalimtoka. Alijiona amefanya kazi ya maana kuliko zote maishani mwake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Redio ya mji ilimhoji Maame Ekua. Fiifi, mtoto wa kaka yake, muuza simu mwenye maneno mengi, aliamua kwamba babu afanyiwe ibada ya ukumbusho ambayo hakuwahi kufanyiwa, kwa kuwa hakukuwa na maiti wala habari. Ikapangwa Jumamosi. Kufikia katikati ya wiki ule uso wa kushoto ulikuwa umetolewa kwenye kundi, umekuzwa, umebandikwa kwenye nguzo za umeme kuanzia sokoni hadi kitongoji cha Ketan, na chini yake maneno: Babu yetu Nana Kobina Egyir, hatimaye umerudi nyumbani.

Dakta Ato Essilfie, mkuu wa mradi, alitembea akitabasamu. "Unaona, Araba? Ndiyo maana nawaambia, historia ikitoka maktaba ikaenda barabarani, watu wanaikimbilia wenyewe."

Siku iliyofuata Araba alikuwa akiandaa somo. Alitaka wanafunzi waone picha ilivyokuwa kabla na baada ya kusafishwa, basi akaziweka mbili pamoja, moja juu ya nyingine, na mstari katikati wa kuvuta kwa kidole. Ukivuta kulia unaona ya zamani, ukivuta kushoto unaona mpya. Akajaribu. Tangi likachakaa, likang'aa. Kofia zikafifia, zikarudi. Akaufikisha mstari ukingoni kabisa, na yule mtu aliyeinamisha kichwa akatoweka.

Alidhani macho yamemchezea. Akavuta tena. Mahali pa kichwa kile, kwenye picha ya asili, palikuwa na baka la ukungu, jeupe na mviringo. Palikuwa na mabega, ndiyo, na mkono uliokunjwa. Uso haukuwepo hata kidogo, si jicho, si pua. Programu ilikuta tundu ikaliziba, na kwa kuwa watu wengine wote walikuwa na nyuso, ikatunga uso.

Araba alivuta mstari ule mbele na nyuma, mbele na nyuma. Alikuwa ameitazama picha hiyo mara ngapi? Alitazama wino, alitazama mwanga, alifurahia usafi. Hakuwatazama watu mmoja mmoja.

Alitoka darasani kabla wanafunzi hawajaingia, akaenda moja kwa moja kwa Essilfie. Dakta alitazama, akavuta mstari mwenyewe. Kisha akafunga mlango.

"Nani mwingine ameona?"

"Wewe na mimi tu."

"Basi tulia. Jumamosi ipite. Wiki ijayo tutaweka maelezo kwenye tovuti, kwa lugha nzuri: sehemu za picha zimekarabatiwa."

"Dakta, wanamfanyia ibada mtu ambaye hajawahi kuzaliwa."

"Wanamfanyia ibada Kobina Egyir, na yeye alizaliwa. Bibi yule ana furaha. Wewe ukimnyang'anya, utampa nini badala yake?"

Araba alifunga kompyuta, akatoka. Alirudi kwake, akakaa, akasimama. Alipika ugali wa banku ukaungua. Alifungua simu akaanza kumwandikia Maame Ekua ujumbe, akafuta, akaandika, akafuta. Kesho yake alikwenda dukani kwa Fiifi akiwa amekata shauri kusema, kompyuta begini, akakuta marundo ya fulana nyeupe, na kwenye kila fulana, juu ya kifua, yule mtu ameinamisha kichwa.

"Madam Araba! Mkombozi wetu!" Fiifi alimrushia moja. "Hiyo bure kabisa. Nyie wengine chuoni mnasoma mpaka mnapofuka, lakini wewe umetuletea mtu. Mbona umesawajika hivyo? Unaumwa?"

"Joto tu."

"Joto la Sekondi hulijui leo? Kunywa maji basi, Jumamosi tunakuhitaji mbele."

Alitoka na fulana chini ya kwapa, inamwunguza kama mkate uliotoka tanuri. Alitembea mpaka baharini, akarudi, akapita stesheni, hakuthubutu kuinua macho. Kila nguzo ilikuwa na uso ule, na sasa aliona alichokuwa hakioni mwanzoni: sikio moja halikuwa na tundu. Miguu ikampeleka nyumbani kwa Maame Ekua bila yeye kuamua.

Bibi alikuwa barazani akichambua maharage. "Karibu, mwanangu. Kaa. Mbona umesimama kama askari wa mlangoni?"

"Maame, nimekuja na neno baya."

"Sema likiwa la moto. Likipoa linakuwa gumu."

Araba alifungua kompyuta yake kwenye kigoda, akaeleza. Alieleza vibaya, akirukaruka, akirudia. Maame Ekua aliendelea kuchambua. Mwishoni alijifuta vidole, akasogeza kichwa karibu.

"Nionyeshe."

Araba akavuta mstari. Uso ukaja, ukaenda.

"Tena."

Ukaja, ukaenda.

Fiifi aliingia wakati huo akiwa na boksi la maji, akasikia yaliyobaki. Aliliweka boksi chini kwa kishindo. "Ei! Hayo maneno uliyaficha kwapani leo dukani? Watu wanatoka mpaka Kumasi! Nimeshachapa kila kitu! Auntie, usimsikilize. Huo uso umemdhuru nani? Sisi tumeupenda, basi ni wetu."

"Fiifi, nyamaza," alisema Maame Ekua bila kugeuka. Akamwuliza Araba, "Hicho chombo chako, ukikipa picha ile chafu tena, kitamleta mtu yuleyule?"

"Sijui, Maame."

"Kipe tuone."

Araba alisita, kisha akabonyeza. Wakasubiri. Mashine ikamleta mwanamume mwingine, mashavu manene, masharubu. Maame Ekua akamtazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mgeni darasani.

"Tena."

Akaja kijana asiye na ndevu.

"Tena."

Akaja mtu mwenye kipara. Akaja mwingine mwenye kidevu kirefu. Wote walikaa sawasawa juu ya mabega yale, na kila mmoja angeweza kuwa baba wa mtu. Fiifi alikuwa amesogea, amekunja mikono, mdomo wazi. Palikuja mwenye masikio madogo na jicho moja jembamba kuliko jingine, kama mtu anayetaka kucheka lakini amekatazwa. Maame Ekua hakusema "tena" upesi. Alimtazama kitambo.

"Tena," alisema mwishowe, na sauti ilikuwa imepungua.

Alipokuja wa baada yake, alikishusha kifuniko cha kompyuta kwa mkono wake mwenyewe.

"Inatosha. Nenda nyumbani, Araba."

"Maame, nisamehe."

"Nimekwambia nenda."

Araba hakwenda nyumbani. Alikwenda chuoni akachukua ngazi, na mchana ule ule, watu wakimtazama, akalishusha bango. Mahali pake akatundika picha ya asili na ukungu wake wote, na karatasi yenye maelezo mafupi ya kilichotokea, jina lake chini. Essilfie alimpigia simu mara nyingi. Alipopokea, Dakta aliongea kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi kuliko ukali: kwamba wafadhili watauliza ni picha gani nyingine imetungwa, kwamba sasa nani ataamini hata zile sauti, kwamba angengoja ibada ipite tu. "Wakiuliza, nitawajibu mimi," Araba alisema. Alijua kwamba Dakta hakukosea katika yote.

Jumamosi ibada ilifanyika. Araba alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Nusu ya ukoo walivaa fulana, na Fiifi aliongoza, kifua mbele. Nusu nyingine walivaa nyeusi tupu. Maame Ekua alisimama mbele ya madhabahu, ambapo hapakuwa na picha yoyote.

"Wengi mmevaa sura ya mtu," alisema. "Siwavui. Lakini mimi baba yangu simjui alivyofanana, na sitadanganya kanisani. Najua alinibeba mabegani kuliona garimoshi, nikamshika masikio nisianguke. Hayo ndiyo niliyo nayo. Tuimbe."

Waliimba. Baadhi walitoka nje wakinung'unika kwamba bibi ameharibu shughuli. Alipopita kwenye ujia kati ya mabenchi, Maame Ekua alimwona Araba na hakumsalimia.

Wiki zikapita. Araba alipitia picha za tovuti moja baada ya nyingine, akirudisha zile chafu, akiandika chini ya kila moja kilichoguswa na kisichoguswa. Wanafunzi walilalamika kwamba tovuti sasa imejaa madoa. Usingizi wake ulikuwa wa vipande vipande. Kila simu ikilia alidhani ni Maame Ekua.

Alipiga asubuhi moja ya Jumatatu.

"Araba."

"Maame!"

"Yule mwenye masikio madogo. Aliyekuwa kama anataka kucheka." Akakohoa. "Najua si yeye. Usinihubirie. Nataka kumwona tena kidogo tu. Mlete."

Siku ile Araba alibonyeza tu, hakuhifadhi hata mmoja. Angeweza kubonyeza mwaka mzima, wangekuja wanaume wengine na wengine, yule asirudi. Ilimjia kusema ndiyo, kisha atafute wa kufanana naye, nani angejua?

"Hayupo, Maame," alisema. "Sikumhifadhi. Hawezi kurudi."

Kwenye simu Araba akasikia kuku wa bibi wakigombana uani.

"Naye ameenda," alisema Maame Ekua.

"Ameenda, Maame."

"Haya. Njoo hata hivyo, nimepika. Hiyo kompyuta yako iache."

Araba aliiacha mezani ikiwa imewashwa, akatoka karibu akimbie.