Mkono wa Pili

Wachezaji huja wakakuta kila kitu tayari. Viti vimepangwa vinne vinne, jagi la maji limejaa, na pakiti ya karata imelala katikati ya meza kama imeota hapo. Hakuna anayeuliza nani aliyeamka mapema. Na kwa kweli hata wanaojitolea hawapendi kuulizwa, maana ukishaulizwa utaanza kujiuliza mwenyewe, na jibu huna.

Dada Hesabu alikuwa amejitolea miaka kumi na minne. Siku za kazi alikuwa mtunza ghala wa shule, mtu wa kuhesabu chaki na mafagio, na siku ya mashindano alihesabu karata. Sheria ya ukumbi ilikuwa moja, na hata Kengele, refa mkuu, hakuthubutu kuichezea: pakiti haiendi mezani mpaka ipite mikono miwili. Mkono wa kwanza unahesabu hamsini na mbili. Mkono wa pili unazipanga zote wazi kwenye meza, safu nne, shupaza, kopa, uru na pau, kuhakikisha hakuna pacha wala pengo. Ndipo inafungwa ukanda wa karatasi. Wa kwanza anachora mstari kwa kalamu, wa pili anaukata kwa mstari wake. Msalaba ukionekana juu ya ukanda, pakiti imekuwa halali na hakuna wa kuisemea neno.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na kidole cha pili cha Dada Hesabu kilikuwa cha rafiki yake, mshona nguo, ambaye wote walimwita Fundi. Mwaka wa kumi sasa wanakaa pamoja kwenye chumba cha nyuma, kile chenye ndoo za deki na viti vibovu, wanahesabu na kuwasengenya wachezaji.

Asubuhi hiyo Dada Hesabu hakuwa na hamu ya kusengenya. Mdogo wake alikuwa anakuja.

Mdogo wake alikuwa fundi saa, na mezani walimwita Kimya kwa sababu hakubishana. Miaka kumi na mmoja nyuma, katika ukumbi huohuo, karata ilikutwa chini ya kiti chake. Kama iliponyoka au ilifichwa, Mungu ndiye ajuaye. Watu walikwisha kuamua. Na fundi saa si kama muuza mkaa. Ukimpelekea saa anaifungua, unamwachia moyo wa saa mezani na kwenda zako. Wateja wakaanza kusema, mtu aliyeficha karata atashindwaje kuficha kijigurudumu cha saa yangu? Wakaenda kwingine. Akabaki kwenye kibanda chake, na saa tano sita ambazo wenyewe walikufa au walihama.

Hilo Dada Hesabu angeliweza kulivumilia. Asilolivumilia ni lake mwenyewe. Jioni ya siku ile, mdogo wake alipoingia kwake na kuketi, yeye alimwekea chakula na kumuuliza neno moja: "Ulifanya?" Kimya aliinuka. Alinawa mikono, akaondoka bila kula, na tangu hapo hakula tena katika nyumba ya dada yake. Kwenye misiba walisalimiana kama watu wa mtaa mmoja.

Mwaka huu Dada Hesabu aliiandikia kamati ya mashindano barua tatu. Akamtuma kwa Kimya shangazi yao, ambaye kusema hapana mbele yake ni kazi ngumu kuliko kubeba gunia. Kamati ikakubali, na Kimya akakubali. Angecheza tena, mbele ya macho yaleyale, mikono mitupu juu ya meza. Akishinda, au hata akishindwa kwa heshima, jina lake lingerudi. Na labda angekuja kula.

Alifika saa moja na nusu, kabla ya mchezaji mwingine yeyote. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi, na Dada Hesabu alimwona akisimama katikati ya ukumbi, akitazama juu. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa zaidi ya miaka mitatu. Ilisema saa nne kasorobo, asubuhi na jioni, na kamati ilikuwa ikiijadili kila mkutano. Kimya akavuta kiti, akapanda, akaishusha. Akatoa bisibisi zake ndogo kwenye mfuko wa shati.

"Huyo anajitolea kabla ya kuombwa," alisema Fundi. "Ni damu yako kweli." Kisha simu yake ikalia, mteja yuko mlangoni mwa duka, zipu ya sare imekwama na gari linamsubiri. "Dakika kumi tu, dada. Bado ngapi?"

"Nne. Nenda urudi."

Dakika kumi za Fundi zilijulikana. Dada Hesabu akaendelea peke yake. Kwenye pakiti ya kumi na tisa alikuta saba ya uru imekunjika pembe. Karata yenye alama haichezwi, inakatwa kwa mkasi vipande viwili na kubadilishwa. Nyingine huchukuliwa katika boksi la yatima, ndivyo walivyoliita, lenye karata zilizobaki za pakiti zilizovunjika miaka iliyopita, zote za mgongo mmoja wa buluu. Akaikata ile mbovu. Kapu la taka lilikuwa bado nje likioshwa, akatia vipande katika mfuko wa aproni yake. Akaingiza mkono katika boksi akitafuta saba nyekundu.

Na hapo ndipo saa ilipoanza kwenda. Alisikia mlio wake mdogo ukumbini, akageuza uso. Mdogo wake alikuwa amesimama juu ya kiti, ameinamisha sikio, anatabasamu. Miaka kumi na mmoja hakuuona mdomo ule ukifanya hivyo. Machozi yakamjaa, akayafuta kwa kiganja chenye karata, akaisukuma karata ndani ya pakiti bila kuitazama tena. Akahesabu. Hamsini na mbili.

Saa mbili ikagonga, Kengele akaanza kupiga kelele zake: pakiti, pakiti, watu wako mlangoni! Fundi hajarudi. Pakiti nne hazijapangwa. Mtu aliyehesabu miaka kumi na minne bila kukosea ana ugonjwa wake: anadhani kutokosea ni tabia, kumbe ni kazi. Alifunga ukanda, akachora mstari, akaukata mwenyewe. Misalaba minne, mkono mmoja.

Fundi aliporudi akitweta, alimnong'oneza. "Nne za mwisho nimekukatia."

"Basi ukifungwa usinitaje," alisema Fundi, wakacheka wote wawili.

Pakiti ya kumi na tisa ilibaki sandukuni kutwa. Kimya alicheza vizuri, taratibu, mikono juu ya meza hata wakati wa kupumzika, jambo lililomchoma dada yake kila alipopita na jagi. Adhuhuri alikuwa amebaki miongoni mwa wanane. Saa tisa aliketi meza ya fainali, na watu waliokuwa hawamsalimii asubuhi sasa walikuwa wakimwita kwa jina. Kengele akafungua sanduku. Fainali huchezwa kwa pakiti ambayo haijaguswa, na iliyosalia ilikuwa moja.

Fainali ni mkono mmoja tu; karata zilipokwisha kugawiwa, Dada Hesabu aliwapelekea maji. Aliweka glasi ya Kimya karibu na kiwiko chake, na Kimya, bila kuinua macho, akasema, "Ahsante, dada." Alirudi ukutani miguu ikiwa haina uzito.

Turufu ilikuwa kopa. Katika mchezo ule saba ya turufu humeza zote isipokuwa ree, na ree ya kopa ilikuwa imekwisha kupita. Zimebaki karata mbili mbili mkononi. Kimya akaiweka saba ya kopa mezani, polepole, kama mtu anayeweka kioo cha saa mahali pake. Ukumbi ukavuta pumzi.

Mpinzani wake wa kushoto, dereva wa lori, mtu wa sauti, aliinamia meza. Aliitazama ile karata. Kisha akaweka yake juu yake. Saba ya kopa.

"Ya kwangu nimegawiwa," alisema dereva. "Sasa tuulizane, ya mwenzangu imetoka wapi?"

Kengele alikuja. Akazipanga karata zote, safu nne, mbele ya watu. Saba za kopa mbili. Saba ya uru hakuna. Akazigeuza zile pacha na kuzitazama migongo. Ya Kimya ilikuwa imefifia kidogo.

"Hii ni ya zamani," alisema. "Hii ni ya boksi la yatima."

Macho yote yakaenda kwa Dada Hesabu, kisha kwa mdogo wake, kisha yakarudi. Njia ile ilikuwa fupi mno.

"Pakiti hii ilipangwa?" Kengele aliuliza. "Mkono wa pili ni nani?"

Fundi alikuwa mlangoni na trei ya glasi. Dada Hesabu alifungua kinywa, lakini Fundi alikuwa mwepesi, alikuwa mwepesi siku zote. Alichokiona yeye ni rafiki yake anataka kuumbuliwa kwa kukata mstari usio wake.

"Ni mimi," alisema. "Niliipanga mwenyewe, safu nne. Ilikuwa kamili, haikuwa na pacha wala pengo. Naapa."

Rafiki akikupenda kuliko anavyoupenda ukweli, jiandae.

"Hapana," Dada Hesabu alisema. "Fundi, hukuwepo. Nilikata mimi. Saba ya uru ilikuwa mbovu, nikaibadilisha, nikachukua kopa bila kuangalia. Kosa ni langu. Yeye hajui lolote."

"Dada, acha kujitwisha," Fundi alisema kwa upole, na hakuelewa bado alichokuwa akifanya.

"Mwacheni amtetee mdogo wake," alisema mtu wa nyuma. "Damu nzito kuliko maji." Wengine wakaguna.

Ndipo alipokumbuka aproni. Nuru ilimjia usoni, wote waliiona. Akatia mkono mfukoni, akatoa vile vipande viwili, akaviunganisha kwenye kiganja chake na kuviinua juu. Saba ya uru.

"Hii hapa! Niliikata asubuhi. Tazameni!"

 Alisimama mkono juu, akitabasamu, akiwangoja waelewe. Walikuwa wameshaelewa. Karata iliyokosekana kwenye pakiti imekutwa mfukoni mwa dada yake, yule aliyetunza boksi, yule aliyemletea maji robo saa iliyopita, na kwao hapo ndipo alipombadilishia. Alielewa wa mwisho. Mkono ukashuka wenyewe.

"Lete hivyo vipande," alisema Kengele, na sauti yake ilikuwa ya huzuni, maana alimpenda. "Na funguo za chumba."

Kimya alikuwa amekwisha kusimama. Dada Hesabu akamkimbilia, akamfikia kwenye korido, penye picha za mabingwa wa zamani. Alitaka kumshika mkono, akaogopa.

"Mdogo wangu. Unajua hukufanya. Mimi najua hukufanya."

"Najua sikufanya." Alikuwa akimtazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya miaka. "Uliniwekea?"

"Nini?"

"Saba. Uliniwekea wewe?"

"Nilikosea! Nilikuwa nakutazama ukitengeneza saa, nikakosea."

Alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza mashine iliyoharibika. Kisha akatikisa kichwa.

"Wewe hujawahi kukosea, dada. Mji mzima unajua." Akafunga kitufe cha mfuko wenye bisibisi. "Mara ile uliniuliza kama niliiba. Nikasema moyoni, ipo siku ataamini. Kumbe uliamini bila karata ya wizi sishindi."

"Sivyo! Haki ya Mungu, sivyo."

"Ungeniacha tu nishindwe," alisema. "Nilikuja kushindwa mimi. Nilitaka watu waone nashindwa vizuri."

Akatoka. Alitembea mikono ikiwa wazi pembeni, kama alivyokuwa ameizoeza kutwa, na watu wa mlangoni wakampisha zaidi ya ilivyohitajika.

Kazi haikungoja. Viti mia na ishirini na nane, vya wachezaji na vya watazamaji, vilipaswa kukunjwa, glasi zioshwe, vitambaa vya meza vikung'utwe, na wachezaji wakisha kuondoka hawarudi kusaidia. Fundi alikuwa akikunja viti upande wa pili huku akilia kwa sauti. Aliwahi kuja mara moja, akasema, "Nitamwambia Kengele ukweli. Naenda sasa hivi." Alikwenda, akarudi. Kengele alimsikiliza vizuri, akampa leso, akamwambia anaelewa, marafiki ndivyo walivyo.

Dada Hesabu hakumlaumu. Alitafuta hasira ndani yake, akaikosa. Alikunja kiti, akakiegemeza ukutani, akakunja kingine, na kwa mazoea tu alikuwa akihesabu.

Mfagizi wa ukumbi, mzee aliyekuja zamu ya jioni wakati mambo yamekwisha, aliburuta ufagio wake hadi katikati, akasimama akitazama juu.

"He! Saa inakwenda," alisema. "Tena iko sawa na yangu ya simu. Nani aliyeitengeneza?"

 Fundi aligeukia ukuta.

"Nauliza kwa wema. Ninayo ya marehemu mke wangu nyumbani, imekufa siku nyingi. Nimpelekee huyo mtu."

"Ni mdogo wangu," alisema Dada Hesabu. "Ana kibanda nyuma ya posta. Ni fundi mzuri."

"Mdogo wako..." Mzee alifikiri. Habari zilikuwa zimemkuta getini kabla hajaingia, kama habari zote. Uso wake ukabadilika, kisha akajitahidi kuurudisha ulivyokuwa, kwa heshima.

"Ahaa," alisema. "Huyo." Akaanza tena kufagia, taratibu, chini ya saa. "Basi, si neno. Nitaiacha tu ikae hivyohivyo."