Koili za Upande wa Ziwa

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, Jumanne tarehe 26 Agosti 2025, koili nne za upande wa ziwa zilikuwa nyeusi. Usiku uliopita sami, wale wadudu wadogo wasiouma, walikuwa wamepanda kutoka majini kama moshi na kufuata taa za paa, na feni za mtambo wa kupoza hewa zikawavuta. Walikuwa wamenasa kati ya mapezi ya bati, tabaka la unene wa nusu sentimita. Koili hizo hufanya kazi kama rejeta ya gari: hukusanya joto la jengo zima la ghorofa saba na kulitupa nje. Zikiziba, joto hukosa pa kwenda.

Mukhtar Salim alizitazama kwa dakika mbili. Pampu ya kuoshea ilikuwa hatua sita kutoka aliposimama. Hakuiwasha.

Alikuwa mkuu wa mitambo ya jengo hilo tangu lilipofunguliwa, miaka kumi na minne iliyopita. Muda huo wote aliosha koili kuanzia siku ya pili hadi ya nne ya mwezi mwandamo, kwa sababu sami huja mwezi ukiwa mchanga, na yeye, kama watu wengi wa msikitini kwao Kaloleni, huutafuta mwezi mbinguni kwa vyovyote. Hakuwahi kuliandika jambo hilo katika daftari la kazi. Kila alipoosha aliweka nukta ya kalamu kwenye kalenda ya Kiislamu iliyoning'inia nyuma ya mlango wa chumba cha mitambo. Hakuna aliyemuuliza, hadi alipokuja Sheryl Aloo.

Injinia Sheryl, mwenye miaka ishirini na sita, aliletwa mwezi wa Mei kulitengenezea jengo pacha wake. Pacha huyo aliishi ndani ya kompyuta. Alikuwa na kila dirisha, kila feni, na idadi ya watu wa kila chumba saa baada ya saa. Sensa mia moja na kumi na mbili, vifaa vidogo vya kupimia, zilimpasha habari, naye akabashiri umeme utakaotumika kesho. Kufikia Julai matumizi yalikuwa yameshuka kwa asilimia kumi na nne. Sehemu kubwa ilitokana na jambo moja: pacha alionyesha kwamba ghorofa ya tano ilikuwa ikipozwa tangu saa kumi na mbili asubuhi, ilhali wapangaji wake huingia saa tatu. Aliyekuwa akiiwasha saa kumi na mbili, kwa miaka kumi na minne, ni Mukhtar.

Zamani meneja wa jengo, Madam Perez Ondiek, alipanda paani kila siku saa nne na thamosi ya chai ya tangawizi na vikombe viwili. Aliuliza, "Mzee, jengo limeamkaje?" na Mukhtar akamweleza. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 6 Juni. Sasa vikombe hivyo vilikuwa ghorofa ya pili, kwenye meza ya Sheryl. Mukhtar alilijua hilo kwa sababu alipita hapo mara nne kwa siku, ingawa kazi yake ilimtaka apite mara moja.

Jumanne hiyo saa nne na robo alipita tena, daftari kwapani.

"Mzee Mukhtar, kuja uone," Perez alimwita. "Nyara ametoa paa yote kwa kompyuta. Unaona jengo mpaka matumbo!"

Nyara ni binti yangu, kwa Kijaluo. Perez hakuwa na binti.

"Hayo matumbo nimeyaona miaka kumi na minne, Madam," Mukhtar alisema. "Na sikulivua nguo."

Perez alicheka. Sheryl alicheka zaidi. "Hapo umenimaliza, Mzee. Lakini nisaidie. Kila mwezi kuna siku tatu, nne, pacha anakosea. Umeme unapanda, halafu unashuka ghafla, kama mtu amefungua dirisha. Nimeangalia mvua, likizo, mwisho wa mwezi, hata siku za mechi. Hakuna kitu. Ni nini hiyo?"

"Jengo lina tabia zake."

"Tabia gani?"

"Tabia tu."

"Yawa, Mzee na siri zako!" Perez alisema. Alijaza kikombe cha Sheryl, kisha chake. Hapakuwa na cha tatu. "Basi sikilizeni nyote wawili. Ijumaa saa nane naamua. Wiki hii pacha asipokosea zaidi ya asilimia tano, kuanzia tarehe moja mtambo anaendesha yeye na Injinia, na ufunguo wa chumba cha juu unakaa na Injinia. Akishindwa, Mzee anaendelea kama zamani."

"Wacha Ijumaa ifike," Mukhtar alisema, akaenda zake.

Koili zikiwa safi, presha ya gesi katika mtambo huwa bar kumi na tatu. Jumanne jioni ilikuwa kumi na nne na nusu. Jumatano jioni ilikuwa kumi na sita. Mukhtar aliziandika namba zote mbili kwa usahihi, maana hajawahi kuandika uongo katika daftari. Hapakuwa na karatasi yoyote iliyomwagiza aoshe koili, kwa hiyo hapakuwa na agizo alilolivunja. Alilipitia jambo hilo mara kadhaa na kila mara alifikia jibu lile lile.

Jumatano hiyo mvua ilinyesha saa kumi na moja. Kutoka paani alimwona Perez akimsindikiza Sheryl hadi getini chini ya mwavuli mmoja. Aliposhuka, mlinzi Ouma alikuwa akimngoja na lake.

"Mzee, nasikia jengo limepata bwana mpya, ako na laptop. Wewe sasa utakuja tukae wote hapa geti. Nitakupatia rungu."

"Funga mdomo, fungua geti."

"Na mwavuli je? Hukuletewa?"

Mukhtar alitembea hadi Kaloleni akinyeshewa.

Alhamisi kulikuwa na semina ya walimu katika ukumbi wa ghorofa ya sita, watu mia moja na arobaini. Saa nane na dakika kumi na sita mchana presha ilifika bar kumi na nane na kompresa zote, zinazosukuma gesi ya kupoza, zikajizima, kama zilivyotengenezwa kufanya. Kwa dakika arobaini joto la ukumbi lilipanda kutoka nyuzi ishirini na nne hadi ishirini na tisa na nusu. Mwalimu mstaafu kutoka Maseno, mwanamke wa miaka sitini na sita, alizirai akiwa kitini. Mukhtar alipofika, Sheryl alikuwa amepiga magoti akimpepea kwa karatasi za ripoti yake. Mwanamke huyo alifumbua macho saa tisa na dakika nne, akapelekwa hospitali.

"Injinia," Perez alisema ngazini, "hii kompyuta yako imetuaibisha."

Mukhtar alisikia kwamba hakusema nyara. Alifurahi. Furaha hiyo ilidumu hadi aliporudi ukumbini kuzima feni na kukuta viatu vya yule mwalimu chini ya kiti, vimepangwa sawasawa. Watu walikuwa wamemtoa miguu mitupu.

Ijumaa saa tano Sheryl alipanda paani, akaingia chumba cha mitambo akiwa na karatasi moja.

"Mzee, nilifunga sensa kwa kila waya kwenye ile paneli. Hata wa pampu ya kuoshea. Sikuwahi kuiangalia, nilidhani ni ya kusafisha sakafu." Alisoma. "Iliwaka tarehe 29 hadi 31 Mei. 28 hadi 30 Juni. 28 hadi 30 Julai. Na kila ikizimwa, umeme unashuka. Tangu jana usiku natafuta hizo tarehe zinafuata nini."

Upepo wa ziwani uliusukuma mlango, ukaufunga. Sheryl aliiona kalenda. Alisogea, akazigusa nukta moja moja kwa kidole, hadi mwezi huu, ambao haukuwa na nukta.

"Mwezi," alisema. Kisha akamgeukia: "Nilikuuliza, Mzee."

"Mara tatu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ukishaiweka kwenye kompyuta, mimi nabaki na nini?"

"Ningeandika jina lako hapo."

"Jina kwenye kompyuta haliletewi chai."

"Chai?"

Mukhtar alichukua kofia yake, akaenda kuswali.

Saa nane kamili walikaa watatu katika ofisi ya Perez. Karatasi ya Sheryl ilikuwa mezani, imelazwa kifudifudi.

"Sitazunguka," Perez alisema. "Pacha amekosea kwa asilimia ishirini na mbili, na mtu ameanguka. Mzee, umeshinda. Injinia, una neno?"

Sheryl alimtazama Mukhtar. "Mzee ndiye ataanza," alisema.

Mukhtar aliigeuza karatasi na kuisukuma upande wa Perez.

"Koili zilijaa sami. Mimi huziosha kila mwezi. Safari hii sikuziosha."

"Ulisahau?"

"Sikusahau. Nilitaka ashindwe."

"Pacha?"

"Huyu," Mukhtar alisema, akamwonyesha Sheryl kwa kidevu.

Perez aliisoma karatasi yote, kisha akaisoma tena. "Yule mama amelala hospitali usiku mzima, Mzee."

"Najua. Nilimpelekea viatu vyake."

"Na ukamwambia?"

"Sikumwambia."

"Weka ufunguo hapo."

Mukhtar aliufungua kwenye mkanda wake. Perez aliuchukua, akampa Sheryl.

"Nani ataosha?" Sheryl aliuliza.

"Yeye. Saa hii. Wewe utamfungulia mlango."

Walipanda ngazi, Sheryl mbele. Ilimchukua majaribio mawili kufungua kufuli. Mukhtar angemwambia kwamba huvutwa kidogo kwanza, lakini hakumwambia. Pampu iliwaka saa tisa kasoro dakika nne. Maji meusi yalitiririka juu ya paa hadi kwenye bomba la mvua kwa muda wa saa moja, kisha yakawa ya kijivu, kisha safi. Mukhtar aliosha koili ya kwanza hadi ya nne, kwa mpangilio wake wa siku zote, na Sheryl alisimama nyuma yake akiandika dakika.

Pampu ilizimwa saa kumi na dakika ishirini. Saa kumi na moja kasoro robo presha ilisoma bar kumi na tatu. Mukhtar aliiandika katika daftari, akatia sahihi, akanyoosha mkono kuichukua kalamu ya kalenda.

Sheryl alikuwa ameshaishika. Aliuliza leo ni siku ya ngapi ya mwezi.

"Ya tano," Mukhtar alisema.

Sheryl akaweka nukta kwenye siku ya tano.