Picha ya Mlangoni mwa Hilali

Wapo watu wanaosamehe wakasahau, wapo wanaosamehe bila kusahau, na alikuwapo Fakhria binti Thabit, ambaye hakufanya hili wala lile. Tangu siku waliyomzika baba yake alibeba jina moja rohoni, nalo ni jina la Eustace. Hata shikamoo aliyokuwa akimpa tangu utotoni ilimkauka kinywani. Wakikutana sokoni humwambia, "Habari za kazi, Ndugu Mwenyekiti," kisha hupita zake. Eustace, kwa jinsi alivyopenda kuitwa Mwenyekiti, hakutambua hata siku moja kwamba kuna kitu ananyimwa.

Baba yake Fakhria, Thabit bin Nabhan, ndiye aliyejenga Sinema Hilali kando ya njia ya zamani ya misafara, pale wapagazi walipokuwa wakitua pembe na kupumzisha mabega. Eustace alikuwa bawabu wake. Alikula kutoka jiko la nyumba ile, na alipooa, ng'ombe wa karamu alitoka kwa Thabit. Lakini mwaka sabini na moja majengo yalipotaifishwa, Eustace huyohuyo alisimama mbele ya kamati ya mtaa akasema kwamba Thabit alifunga kamba ukumbini ili Waafrika wakae kwenye mabenchi ya mbele tu, na kwamba aliyeivuka alipigwa kwa amri yake. "Mimi nilikuwa nalia moyoni," alisema, na watu wakampigia makofi. Thabit alirudi nyumbani akajilaza, na mvua za mwaka ule hakuziona. Ukumbi ukatafutiwa msimamizi, na msimamizi akawa nani kama si Eustace, kisha akapewa na uenyekiti wa mtaa.

Uongo mtupu, ndivyo Fakhria alivyosema kila alipopata wa kumsikiliza. Kamba ilikuwapo, nani asiyejua, kila mji ulikuwa na kamba yake enzi za Mwingereza. Lakini fimbo ilikuwa ya Eustace. Watoto wa mji mzima walimwita Kiboko, wala hawakumpa jina lile bure.

Basi mwaka sabini na tatu akaja kijana kutoka Dar es Salaam, afisa wa utamaduni, mzaliwa wa Urambo, jina lake Alois. Aliingia studio ya picha ya Fakhria, ile aliyoachiwa na marehemu mumewe Abasi, akaamkia kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alieleza kwamba sikukuu ya Uhuru wanataka kufanya maonyesho ya picha za kale, historia ya sinema Tabora tangu ilipokuwa shuka nyeupe ukutani pa stesheni. Fakhria azikusanye, azikuze, azitundike ndani ya Hilali yenyewe. Kabla ya kuondoka akaomba naye apigwe picha ya kitambulisho.

"Ila kovu hili usilifute, mama," alisema akigusa juu ya nyusi. "Nililipata hapahapa Tabora, mlangoni mwa sinema, nikiwa mwanafunzi. Nilivuka kamba."

Fakhria alimpiga picha ile, kovu na yote. Alipobaki peke yake alishusha masanduku ya Abasi. Mumewe alikuwa na desturi ya kusimama nje ya Hilali kila Idi, akiwapiga watu picha na nguo zao mpya, na negativu zake zote zilikuwapo, zimefungwa kwa karatasi za chai. Alizipitisha mbele ya taa, moja baada ya nyingine. Akaona kina mama kwenye foleni ya onyesho lao la alasiri, ile siku wanaume walipokuwa hawakanyagi ukumbini. Akaona vijana na kofia za Mexico za kushona wenyewe. Mwisho akaiona aliyokuwa akiitafuta. Eustace mlangoni, fimbo juu. Chini, miguuni pake, mvulana wa kaptura ya shule, mkono usoni.

Na nyuma yao, kwenye dirisha la tiketi, kulikuwa na uso wa tatu. Fakhria aliutazama kitambo. Alijiambia kwamba baba alipigwa na butwaa. Alijiambia kwamba baba alikuwa karibu kutoka nje kuzuia.

Alikuza picha ile kubwa kama meza, akaitandaza palepale studio ambapo kila aingiaye angeiona. Ulikuwa mtego, na panya alikuja mwenyewe. Eustace alipita kukagua kazi, kitambi mbele, akasimama juu ya picha ile akatokwa na jasho.

"Hii hapana," alisema.

"Mbona umependeza, Ndugu Mwenyekiti? Ulikuwa kijana hasa."

"Bi Fakhria, usinifanyie mzaha. Mgeni wa heshima anakuja. Mkoani wananitaja kwa cheo, unajua." Akateremsha sauti. "Ninyi mafundi si mnafuta? Ifute hiyo fimbo. Na huyo mtoto. Nibaki mimi mlangoni nakaribisha watu."

"Kufuta ni kazi ndogo," Fakhria akamwambia, akimvika kilemba cha ukoka bila haya. "Tena nitaitundika juu ya jukwaa, katikati, mahali pa heshima. Ila kioo cha fremu hakuna, maduka matupu."

"Haina haja ya kioo," akasema Eustace, na uso ukamng'aa.

Sasa sikiliza ufundi wa mwanamke huyu. Picha hurekebishwa kwa brashi nyembamba na rangi ya maji, na rangi hiyo huchanganywa na gundi ili ishike karatasi. Rangi isiyo na gundi ni vumbi tu lenye adabu, likiguswa na tone la maji huondoka. Fakhria aliipaka ile fimbo rangi ya ukuta, akampaka mvulana rangi ya ngazi, mpaka wote wawili wakatoweka, na katika rangi yote hiyo hakutia gundi hata chembe.

Na juu ya jukwaa, katikati kabisa, paa la Hilali lilikuwa linavuja. Yeye alijua, kwa sababu kila mvua alikwenda kuuchungulia ukumbi wa baba yake kama mtu anayemjulia hali mgonjwa. Eustace hakujua. Mabati ya kuukarabati yalipofika stesheni, nusu yaligeuza njia yakaenda kuezeka nyumba yake ya Igalula, na mvua ikinyesha yeye alikuwa huko, chini ya mabati hayo, mkavu. Kwa ajili ya sikukuu alipaka ukuta chokaa mpya. Alama ya maji ikafichika hata kwake.

Ukabaki ule uso wa dirishani. Huo hakuna aliyemwagiza kuufuta. Fakhria alichukua kipande cha gundi ya mgunga, akakiyeyusha, akachanganya rangi nzito, akamfunika baba yake vizuri, tabaka juu ya tabaka.

Mama yake, Bimdogo, alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mchele. "Mbona huyo unampaka rangi nyingine?"

"Huyo asitoke, mama."

"Kwani alikuwa anafanya nini?"

"Amesimama tu."

Bimdogo alipeta mchele wake kidogo. "Thabit hakuwa mtu wa kusimama tu," alisema, akaendelea na kazi.

Siku ya sikukuu Hilali ilijaa. Wazee walioneshana sura zao za ujana, kina mama wakacheka mbele ya picha ya foleni yao, na mmoja akadai alisukumwa ndiyo maana ameonekana nusu. Alois alipita akiwasalimu watu mwangaluka, nao wakamwitikia kwa kelele za furaha kusikia Kinyamwezi kikitoka kwa mtu wa Dar. Mwisho akafika mbele ya jukwaa. Picha kubwa ilikuwa juu yake na maelezo chini: NDUGU EUSTACE AKIWAKARIBISHA WANANCHI.

Eustace alishika kipaza sauti. Alisema jinsi alivyopinga kamba, jinsi alivyowaingiza wanyonge kwa mlango wa nyuma. Nje ngurumo ilipita, kisha mvua ikaangukia bati kwa vishindo, na Fakhria, aliyekaa safu ya kwanza karibu na mama yake, akainua macho kwenye picha. Alikuwa na furaha. Furaha chungu, ya kusaga meno, lakini furaha.

Tone la kwanza lilipiga fremu. La pili likateremka kwenye karatasi. Ukuta wa kijivu ulianza kuchuruzika, na ndani yake ikajitokeza fimbo, taratibu, tangu ncha hadi mkononi.

"Kiboko!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Kiboko huyo!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Eustace aligeuka, akaona, akasema ni doa la maji tu. Lakini ngazi nazo zilikuwa zikiyeyuka, na mvulana akatokea miguuni pake, kaptura kwanza, kisha mkono, kisha uso. Kicheko kilikatika. Alois alipanda jukwaani akasimama karibu na picha, akaligusa kovu lake juu ya nyusi, na waliokuwa karibu wakaliona.

Fakhria alimtazama Eustace akinywea ndani ya suti yake ya Chou En Lai. Hivyo hasa, alisema moyoni. Hivyo ndivyo alivyorudi baba yangu siku ile. Kunywa sasa nawe.

Kumbe Eustace alikuwa hamtazami Alois. Alikuwa akitazama picha, upande wa dirisha. "Na huyo?" akasema. "Mbona hamumwulizi huyo?"

Maji hayakuwa yamekoma. Gundi ya mgunga huvumilia kuliko vumbi, basi, lakini nayo huyeyuka kwa maji, na Fakhria, kwa haraka ya hasira yake, alisahau jambo ambalo mtoto anayebandika karatasi za tiara analijua. Lile tabaka zito lilivimba, likapasuka, likaanza kuteleza kwa mapande. Aliinuka aikimbilie picha.

"Iache, mama," Alois akasema.

Thabit bin Nabhan akatokea dirishani. Hakuwa amepigwa na butwaa. Hakuwa akitoka nje kuzuia. Alikuwa ameegemea kiwiko, tiketi mkononi, akitabasamu kidogo, kama mtu aliyekaa kiti kizuri na filamu imemkolea. Katika ukumbi wote hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani.

"Nilisema mbele ya kamati," Eustace akanong'ona. "Kulia sikulia, hapo niliongopa. Lakini amri ilikuwa yake." Akashuka jukwaani, akapita katikati ya watu, na hakuna aliyempisha. Cheo cha mkoa kiliishia mlangoni pale, naye akatoka kwenye mvua bila kofia.

Kisasi kilikuwa kimetimia, na Fakhria alisimama pale kama mtu aliyenyang'anywa. Alois akabandua yale maelezo, akageuza kadi upande mweupe, akampa kalamu.

"Andika upya, mama. Wote watatu."

Aliandika. Eustace, bawabu, na fimbo. Alois, mwanafunzi, chini. Hapo alisita, na Alois hakumhimiza. Thabit bin Nabhan, mwenye sinema, akitazama.

"Sasa tusomee," Alois akasema kwa upole, "maana wapo ambao hawajajua kusoma."

Fakhria akawageukia watu, akasoma kwa sauti mpaka neno la mwisho, na mama yake yuko safu ya kwanza anamsikiliza.